Belbase: kipande cha Kigoma kilichopangishwa milele

Mpwa wangu yuko kwa wakala mmoja wa forodha hapa Kigoma. Jioni moja alikuja na neno alilolikuta kwenye makaratasi ya zamani: Belbase. "Mjomba, hii ilikuwa kambi ya jeshi?"

Si wa kwanza kudhani hivyo, kwa sababu hiyo "base" inawapeleka watu moja kwa moja kwenye bunduki. Lakini Belbase ilikuwa kituo cha mizigo: gati, maghala na mahali pa kupakia na kupakua, mali iliyoendeshwa na Wabelgiji ndani ya nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Zilikuwa mbili, moja Dar es Salaam na nyingine hapa kwetu, kila moja kwenye ncha yake ya reli ya kati. Wabelgiji walipewa maeneo hayo kwa pango la faranga moja kwa mwaka, bila kikomo cha muda. Mkataba ulisema milele.

Bunduki zenyewe zilitangulia. Mjerumani aliifikisha reli Kigoma mwaka 1914, yapata kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, vita vikamkuta hata hajaanza kuifaidi. Julai 1916 majeshi ya Kongo ya Mbelgiji yaliingia Kigoma, na Septemba 19 mwaka huohuo yakaingia Tabora. Wabelgiji wakakaa hapa karibu miaka mitano. Vita vilipokwisha na makoloni ya Mjerumani yakagawanywa, wao walibaki na Rwanda na Burundi, Kigoma ikaenda kwa Mwingereza. Ila hawakukubali kuondoka mikono mitupu. Mashariki ya Kongo iko mbali mno na Matadi, bandari ya upande wa Atlantiki. Kwa mzigo wa Albertville, yaani Kalemie ya leo, au wa Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, njia ya karibu kwenda baharini ilikuwa kuvuka ziwa na kupanda treni Kigoma. Makubaliano yakatiwa saini London tarehe 15 Machi 1921, na mwezi huohuo Wabelgiji wakakabidhi mji.

Sasa hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu aweke simu chini, kwa sababu ndani ya makubaliano hayo kulikuwa na haki mbili tofauti, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni haki ya kupita. Mzigo wa Kongo au wa Burundi unashuka melini Dar es Salaam, unasafiri kwa reli hadi ziwani na kuvuka, bila kutozwa ushuru wa forodha wa Tanganyika, kwa kuwa hauingii sokoni kwetu. Hiyo ni kama jirani asiye na njia ya kufika barabarani anayekuomba apitie pembeni mwa shamba lako. Unampa. Kumnyima ni roho mbaya tu.

Ya pili ni haki ya kukaa. Jirani yuleyule, baada ya kupewa njia, anataka pia kipande cha shamba ajenge banda lake, aweke mtu wake wa kulisimamia, na kipande hicho kiwe chake yeye na vizazi vyake, na akulipe senti moja kila mwaka ili isije ikasemwa amepewa bure. Belbase ni hilo banda. Aliyeliendesha alikuwa wakala wa Kibelgiji aliyeitwa Agence Belge de l'Est Africain. Kwa hiyo mji huu mdogo wa bandari ukawa na wenyewe watatu: barabara na majengo ya serikali vilikuwa chini ya PWD, idara ya ujenzi ya serikali ya mkoloni, ambayo wazee bado wanaitaja hivyo wakisimulia vibarua vya ujana wao, treni na njia yake chini ya shirika la reli, na kile kipande cha ufukweni chini ya Mbelgiji.

Faranga moja haikuwa bei. Kazi yake ilikuwa kuufanya mkataba uitwe pango. Na faranga yenyewe ilianguka vibaya thamani miaka michache baadaye, kwa hiyo hata kama mtu angesema pango la Kigoma linanunua fungu la dagaa, ungemuuliza ni dagaa wangapi. Kwangu mimi pango lisilo na mwisho ni mauzo yaliyovalishwa kanzu ya pango.

Linganisha na sheria waliyowekewa wengine wote. Mjerumani, kwa amri ya mwaka 1895, alikuwa ametangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe anayetambulika ni ya dola yake. Mwingereza akaja na Sheria ya Ardhi ya 1923: ardhi yote ya Tanganyika, inayokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma chini ya Gavana, na anayetaka kuitumia hupewa haki ya kuikalia kwa muda, usiozidi miaka 99. Msingi huo tunaishi nao mpaka leo. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo haivuki 99. Hati yangu mwenyewe ya kiwanja cha Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, ni ya miaka 33. Nilimwonyesha mpwa wangu bikoni moja ya kiwanja hicho, kigingi cha zege chenye namba, kilikuwa kimefunikwa na matembele ya mama watoto; tukayapangua na kuisugua kwa kisigino ndipo namba ikasomeka. Kila mwaka nalipa kodi ya pango la ardhi, na muda ukiisha itabidi niombe upya. Mbelgiji hakuwa wa kuomba upya.

Lakini kasoro kubwa zaidi haiko kwenye hesabu ya miaka. Iko kwa aliyetoa. Tanganyika haikuwa mali ya Mwingereza. Alikabidhiwa aisimamie kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na udhamini huo ulithibitishwa rasmi Julai 1922, zaidi ya mwaka mzima baada ya saini ya London. Yaani aliahidi milele kabla hata karatasi yake mwenyewe haijakamilika. Ukitaka picha yake, chukua msimamizi wa mali ya yatima. Anaweza kupangisha chumba ili mtoto asome, anaweza kuezeka bati lililotoboka. Kumpa jirani chumba cha uani mpaka kiyama hawezi, hata akilipwa vizuri, sembuse faranga moja.

Hoja hiyo ndiyo Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliyoipeleka bungeni tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru. Alisema kwamba pango la milele juu ya ardhi ya Tanganyika haliendani na mamlaka ya nchi huru, kwa kuwa lilitolewa na mtawala ambaye haki zake mwenyewe zilikuwa za muda. Hakuna atoaye kisicho chake. Wanasheria wa mikataba ya kimataifa bado wanaijadili hotuba ile, kwa sababu ndani yake aliweka pia utaratibu wa namna nchi changa itakavyoipitia mikataba yote iliyorithi, ipi iendelee na ipi ife.

Mkataba ule ulikuwa umeshafanyiwa marekebisho mwaka 1951, wakati Dar es Salaam ikijiandaa kupata gati za maji ya kina, lakini neno lile "milele" lilikuwa bado linausumbua. Na dunia iliyouzaa ilikuwa imekwisha: Kongo ilijitawala Juni 1960, Rwanda na Burundi Julai 1962. Mbelgiji angeshikilia banda la kupitishia mizigo ya makoloni ambayo si yake tena.

"Kwa hiyo walifukuzwa?" mpwa wangu akauliza. Kilichokataliwa ni milele. Njia haikukatwa, na kazi yake yeye ni ushahidi: asubuhi iliyofuata aliondoka mapema kushughulikia nyaraka za saruji ya Bujumbura, mzigo wa kupita, usiotozwa ushuru hapa kwetu.