Munyu wa kukhu, na kwa nini maharagwe yako hayaivi

Kila ninapofundisha mboga za kienyeji, naanza kwa kupitisha darasani kichupa chenye maji ya rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Wanafunzi wananusa, wanakunja uso. Anayekitambua mara nyingi huwa amelelewa Butere, Khwisero au Mumias: "Mwalimu, si huu ni munyu?"

Ndio wenyewe, munyu musherekha, chumvi ya majivu. Nafundisha mapishi katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kisumu, na katika yote niliyosomea sijapata kitu kinachookoa pesa jikoni kama hiki alichonionyesha kukhu, yaani nyanya yangu kwa Kiluhya, bila daftari.

Miaka ya 1980 kwetu kijijini nyama ilikuwa ya Krismasi na ya wageni. Siku nyingine zote ni ugali kwa majani ya mrenda na ya kunde, maharagwe, au omena mkono ukiwa na kitu. Mwaka 1984 mvua ilipokosekana tukala ugali wa mahindi ya njano, ambao watoto tuliukataa siku mbili, siku ya tatu tukanyamaza. Munyu haukukosekana hata wakati huo, kwani nani aliununua?

Baada ya kupura maharagwe, kukhu hakutupa maganda. Aliyaanika yakakauka kabisa, akayachoma juu ya kigae kisafi mpaka majivu yakawa meupe. Yakibaki meusi, alisema, bado hayajaiva. Alikuwa na mkebe wa Kimbo aliokuwa ameutoboa kwa msumari chini, akautandika nyasi kavu, akajaza majivu na kuyashindilia kidogo kwa ngumi. Kisha maji, polepole, kikombe kimoja kimoja. Chini kuna bakuli. Unasubiri. Tone la kwanza huchelewa hadi unadhani matundu yameziba, halafu linatoka jeusi-jeusi, na ukilisugua kati ya vidole linateleza kama sabuni. Hayo ya kwanza ndiyo makali: aliyatia kwenye chupa na kuiziba kwa gunzi. Ya mkupuo wa pili yalikwenda kwenye maharagwe siku hiyohiyo.

Kinachofanya kazi hapo ni potasiamu kaboneti, ambayo maji huichukua kutoka kwenye majivu. Magadi ni ndugu yake, ila yenyewe ni ya sodiamu. Zote mbili hulegeza pektini, ile gundi inayoshikilia kuta za chembe za mmea, ndiyo maana maharagwe hulainika mapema na kuni hubaki. Siku hizi sema gesi hubaki. Nyanya hufanya kinyume (nyanya ya kupika, si mama ya babako): uchachu wake huikaza hiyo gundi. Wengi mnaolalamika kwamba maharagwe yamekataa kuiva mmetia nyanya kabla hayajalainika. Yaacheni yaive kwanza.

Kwa mrenda, chemsha kikombe kimoja cha maji pamoja na vijiko viwili vya munyu mkali. Tia kunde kwanza kwa sababu ni ngumu, zikianza kulegea tia mrenda, koroga kwa mwiko, na usifunike. Mrenda una povu la hasira. Ukifunika utaosha jiko zima. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha, na utaona majani yamebaki kijani kibichi, kwa sababu uchachu ndio huyageuza rangi ya matope.

Sasa nisiusifu kupita kiasi. Munyu huua vitamini C na B1, hivyo usizidishe wala usipike muda mrefu kwa mazoea tu. Mwenye matatizo ya figo amuulize daktari kwanza, maana potasiamu nyingi ni hatari kwake. Na majivu yawe ya maganda ya maharagwe au ya ndizi yaliyo safi, si ya mbao zilizopakwa rangi wala takataka zenye plastiki.

Kosa langu mwenyewe: mara ya kwanza kupikia watu wengi, kwenye harambee, nilikadiria munyu kwa macho na kuumimina kwenye sufuria kubwa ya alumini. Sufuria ilitoka nyeusi ndani, kwa kuwa munyu hula alumini, na maharagwe yakawa na ladha ya sabuni ya kipande. Shemeji mmoja alikula sahani nzima bila kusema neno, akaniuliza tu kama nimesuuza vyombo vizuri. Tangu siku hiyo natumia chungu au sufuria ya chuma cha pua, na napima kwa kijiko.

Gunzi la kuzibia chupa libadilishe likilowa. Likioza, harufu yake huingia hadi kwenye mboga.