Kevin Burke na Ufa Ulioshindwa Kuwa Bahari

Sisi wanajiolojia wa Pwani ya Kenya tuna deni kwa mwanajiolojia Kevin Burke, aliyefariki mwaka 2018. Wakati macho ya wengi yalikuwa kwenye mipasuko ya ganda la dunia iliyozaa bahari, yeye aliishughulikia pia ile iliyoishia njiani.

Hoja yake, aliyoichapisha na mwanajiolojia mwenzake John Dewey mwaka 1973, ni hii. Joto likipanda kutoka chini sana, ganda la dunia huvimba, kisha hupasuka kama mkate uliozidi kuumuka, mara nyingi pande tatu. Nyufa mbili hutanuka zikawa bahari. Wa tatu hukwama, ukabaki bonde ndani ya bara, likijaa mchanga na tope kwa mamilioni ya miaka. Bonde la Benue, Nigeria, alilichambua pamoja na wenzake alipokuwa akifundisha Ibadan. Mashapo ya mabonde kama hayo huweza kuhifadhi mafuta, kwa hiyo hata wachimbaji walimsikiliza.

Sasa tuje kwetu. Madagaska ilikuwa imeshikana na pwani hii, ikabanduka enzi ya Jurasiki, zama za dinosaria. Ufa wa Anza, unaotoka upande wa Lamu kuelekea Turkana, haukufika kuwa bahari, na watafiti wengi huusoma kwa jicho lile la Burke.

Bahari iliyoingia Madagaska ilipobanduka imeacha alama hapa Mombasa. Fort Jesus imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, ambao kijiolojia ni wa juzi tu. Lakini vuka Makupa hadi Changamwe, utazame pale barabara ilipokata kilima: mwamba wa tope wa Jurasiki, wa kijivu, unabanduka mkononi vipande vyembamba. Ukibahatika utaona amonaiti, gamba lililojiviringa la mnyama wa baharini. Panda matatu hadi Mazeras, unakuta mawe ya mchanga ulioletwa na mito kabla bahari haijafika.

Burke alifundisha Ghana, Jamaika na Nigeria kabla ya Albany na Houston, Marekani, na mwaka 2007 akatunukiwa Medali ya Penrose, tuzo ya juu ya Chama cha Jiolojia cha Marekani. Ninachokienzi zaidi ni kwamba, akiwa amepita miaka 70, aliandika na mwanajiolojia Trond Torsvik, mdogo wake kiumri kwa karibu miaka 30, wakihusisha milipuko mikubwa ya kale ya volkano na kingo za maeneo mawili ya moto karibu na kiini cha dunia.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi Changamwe mwaka huu. Nyumba zinajengwa kwa kasi, na miamba ile inazidi kufunikwa.