Mwizi Akishakupa Kisogo

Kila nikifundisha somo la sheria ya jinai kuhusu kumpiga risasi mwizi anayekimbia, huanza kwa kuandika ubaoni: dola 10 na mkoba. Ndivyo alivyokutwa navyo Edward Garner, kijana wa miaka 15, usiku wa tarehe 3 Oktoba 1974 mjini Memphis, Marekani. Alikuwa amevunja nyumba na kukimbilia uani, akakwama kwenye uzio wa futi 6 hivi. Polisi alimmulika tochi, hakuona silaha, akamwamuru asimame. Kijana akaanza kuparamia uzio. Risasi ikampata kisogoni.

Nauliza darasa: polisi huyu alivunja sheria gani ya jimbo lake? Wengi hukasirika wakisikia jibu, maana hakuvunja yoyote. Sheria ya Tennessee ilimruhusu, akishatoa onyo, kutumia kila njia inayohitajika kumkamata anayekimbia. Baba wa marehemu alifungua kesi, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 6 kwa 3, kwamba katiba hairuhusu kumuua anayekimbia kwa sababu tu anakimbia. Lazima pawepo sababu ya msingi ya kuamini kwamba ni hatari: amemtishia polisi kwa silaha, kwa mfano, au ametenda kosa la kuumiza watu vibaya. Na aonywe kwanza, pakiwa na nafasi.

Kanuni iliyoanguka ilitoka Uingereza ya kale, na wakati wake ilikuwa na mantiki. Karibu kila kosa kubwa lilikuwa na adhabu ya kifo, kwa hiyo aliyeuawa akikimbia alikuwa amewahishiwa tu kitanzi. Tena hakukuwa na bastola kiunoni mwa kila askari. Kumuua mtu kulihitaji kumfikia kwanza. Baadaye kitanzi kikaondolewa kwa wizi, bunduki zikaja, kanuni ikabaki palepale. Matokeo yake, mtu ambaye hakimu angemfunga miaka michache akawa anaweza kuuawa na askari kabla hajafika kwa hakimu.

Hoja ya upande wa pili siidharau. Majaji watatu waliopinga walisema kuvunja nyumba ya watu usiku si kosa dogo, kwani ndani wamo waliolala, na wizi huweza kugeuka ubakaji au mauaji. Ni kweli. Ila hatari hiyo ilikuwapo mwizi alipokuwa ndani. Akiwa juu ya uzio, mikono mitupu, tunamhukumu kwa jambo ambalo lingeweza kutokea.

Nchini Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilibatilisha mwaka 2002 kifungu kilichokuwa kikihalalisha mauaji ya aina hii, ikikumbusha kwamba shabaha ya kumkamata mtu ni kumfikisha mahakamani. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2005, katika kesi ya vijana wawili wa jeshi la Bulgaria waliopigwa risasi walipotoroka kifungo, bila silaha. Ilisema kama mtu si tishio kwa uhai na hashukiwi kwa kosa la ukatili, asipigwe risasi hata kama maana yake ni kushindwa kumkamata.

“Basi apigwe mguuni!” Hili sikosi kuulizwa. Pajani unapita mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika, mtu hufa kwa dakika chache. Na mguu wa anayekimbia gizani si shabaha, ni bahati nasibu. Ndiyo maana kisheria risasi huhesabiwa kuwa nguvu ya kuua popote ilipolengwa.

Kwa mwenye nyumba mambo huwa magumu zaidi kuliko kwa polisi. Haki yake ya kujihami haidumu kuliko shambulio lenyewe, na kwa kawaida mwizi akishatoka mlangoni anakimbia, imekwisha. Mali iliyochukuliwa haiirudishi.

Nikipewa jalada la kesi kama hizi, husoma kwanza ripoti ya daktari: jeraha liko mbele au nyuma? Hata hivyo simalizii hapo. Mtu hugeuka kwa chini ya sekunde moja, na kidole kilichokwisha kuamua kuvuta huenda kisiwahi kusita. Kwa hiyo jeraha la mgongoni pekee halinitoshi. Hutafuta risasi zilikuwa ngapi, na kati ya ya kwanza na ya mwisho ulipita muda gani.