Ukishuka Matema, ule samaki gani?

Mimi ni mpishi wa samaki hapa Mbeya, na wanaopanga kwenda kupumzika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huniuliza waagize nini. Nawajibu: msichague kabla hamjaona mitumbwi imeleta nini.

Kutoka Uyole, hapa Mbeya, unapita Kiwira na Tukuyu, migomba na chai kila upande, kisha barabara inateremka. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa mita 475 hivi. Sweta la asubuhi utalivua kabla hujafika Ipinda.

Wengi humtaka mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa. Ni mtamu kweli, ila ana vimiba vingi katikati ya mnofu, na dawa yake ni chale. Chukua kisu kikali, mkate mistari ya kukaribiana, upana wa nusu kidole, pande zote mbili, mpaka usikie kisu kikikwaruza vimiba. Mpake chumvi na ndimu, mwache atulie kidogo, halafu mkaange kwenye mafuta mengi yaliyopata moto. Vimiba vilivyokatwa vinakauka na kutafunika. Mbasa asiyepigwa chale usimpe mtoto.

Lakini mvua zikikolea, mbasa hupanda mitoni kutaga. Hapo hunaswa kirahisi mno, tumbo limejaa mayai. Huyo simpiki, hata mteja akiongeza pesa. Ameshaingia kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na inaniuma kuona mayai yake yakitupwa pamoja na matumbo.

Msimu huo kula gege, samaki wa jamii ya perege, au dagaa wa Nyasa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka usiwategemee sana. Wakipatikana alfajiri, omba ukaangiwe wabichi, waliwe na wali wa Kyela ungali wa moto.

Safari yangu ya mwisho, mama mmoja muuza samaki alimfunua gege shavu kwa kidole gumba. Ndani palikuwa pekundu, hapana utelezi mweupe.

“Mshike mwenyewe, mwanangu.”

Nikabonyeza mgongoni, mnofu ukarudi palepale. Ndipo nikauliza bei. Nilinunua wawili, nikamwambia ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akanichomea kwenye mkaa kwa chumvi tupu, nami nikawala kwa mkono nikiwa nimekaa mchangani, Milima ya Livingstone ikinitazama.