Je, wajua? Familia ikihama, kipato chake hakihami chote

Kila mwaka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huchukua fomu ya kodi ya mtu, huilinganisha na ya mwaka uliotangulia kwa namba ya hifadhi ya jamii, kisha huangalia anwani. Kaunti imebadilika? Basi amehama, na kipato alichoandika kinahesabiwa kuwa kimehama naye. Kwa hesabu hiyo, kati ya mwaka 2020 na 2021 jimbo la Florida lilivuna takriban dola bilioni 39, ukishatoa za walioondoka. Jimbo la New York likapoteza bilioni 24 na ushee.

Nilipoziona namba hizo mara ya kwanza niliona ndoo mbili: maji yametoka hii, yameingia ile. Nikawaeleza watu hivyo kwa kujiamini kabisa.

Sasa panda daladala. Abiria akishuka Magomeni, kiti hakishuki naye. Daktari wa meno akihama Manhattan, New York, kwenda Miami, Florida, ataandika kipato chake Miami, lakini meno yanayouma Manhattan yako palepale, na mwenzake atayang'oa kwa bei ileile. Kipato kilikuwa cha kiti. Miami nako itabidi atafute kiti kingine, au abanane na madaktari aliowakuta wagawane wagonjwa. Kwenye jedwali la IRS, purukushani yote hiyo inasomeka kama pesa zilizosafiri.

Ila yupo abiria anayepanda na kigoda chake: mstaafu wa pensheni, au mtu anayeishi kwa gawio la hisa. Huyu akishuka, kigoda kiko kwapani. Atanunua mkate Florida na kumlipa fundi bomba wa Florida, na kinyozi wake wa Queens, kule New York, kweli kapoteza kichwa kimoja. Kwake yeye, ndoo zangu zinafanya kazi.

Kisha ikaja Uviko-19 na kazi za kompyutani: kiti New York, mkaaji Florida. New York, kwa ukaidi ninaoupenda, hudai kodi ya mshahara wa namna hiyo iwapo mtu kaamua mwenyewe kufanyia kazi mbali na ofisi. Takwimu zinasema kipato kimeondoka. Kodi yake bado inakwenda Albany, makao makuu ya jimbo la New York.

Jedwali halisemi nani ana kiti na nani ana kigoda. Wasiojaza fomu, wengi wao wenye kipato kidogo, hawaonekani kabisa. Halafu hisa zikipanda sana, kama zilivyopanda mwaka 2021, aliyeuza zake mwaka huo akahama anaonekana kabeba faida ambayo huenda asiipate tena.

Na viti navyo vina mwisho wake. Daktari mmoja akiondoka, meno ya Manhattan hayapungui. Wagonjwa wake elfu moja wakiondoka, yanapungua, na dereva anaanza kuwaza ruti nyingine.