Jembe la uani Mombasa: tunayoambiwa na udongo wenyewe

"Ukitaka mchicha mzuri, chimba chini sana." Dhana hii ilinitoa jasho mwenyewe. Nyuma ya nyumba, Kisauni, nilichimba mpaka jembe likalia ngaa! juu ya jiwe, nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa nimeufukia udongo mweusi wa juu, ule kidogo wenye rutuba, na kupandisha vipande vyeupe vya matumbawe. Mchicha ukatoka wa manjano.

Kisiwa cha Mombasa na ukanda mkubwa wa pwani yake umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo uliolala juu yake mara nyingi ni wa kichanga na haba. Kwa mchicha, kunde na bamia, shubiri moja, sentimita 20 hivi, yatosha. Mwamba ukiwa karibu zaidi ya hapo usishindane nao: inua tuta kwa samadi iliyooza na mboji.

"Ngoja mvua kubwa ilainishe ardhi, ndipo ulime." Mchanga wa Bamburi utakusamehe. Udongo mzito wa Changamwe na Miritini hausamehi. Ukiulima ukiwa tope, unashikamana, na ukikauka ni tofali tupu. Teka konzi moja, ifinye, kisha isukume kwa kidole gumba. Ikimomonyoka, shika jembe. Ikibaki donge kama unga wa mahamri, rudi ndani ukanywe chai. Wakati mzuri ni Machi, kaskazi inapolegea na manyunyu ya kwanza yameshuka, kabla ya mvua za Aprili na Mei. Aliyekosa hapo ana nafasi nyingine kabla ya vuli ya Oktoba. Na udongo ukiwa mkavu wa vumbi, umwagilie jioni, ulime kesho yake.

"Jembe ndilo dawa ya ndago." Hapana, jembe ndilo mkunga wake. Ndago ni gugu lenye vijiazi vilivyoungana chini kwa chini kama shanga. Ukivikatakata, kila kimoja kinaota kivyake. Tumia jembe uma, inua taratibu, okota vijiazi kwa mkono na uvianike kwenye sakafu ya simenti mpaka vinyauke kabisa. Kwenye mboji usivitupe.

"Kila msimu lazima kulima upya." Kwa joto letu, kila unapopindua udongo mboji yake huoza upesi na kupotea, maji yanakauka, na mbegu za magugu zilizolala chini zinaamka. Ukishalima vizuri mara moja, tifua tu pale unapopanda, halafu funika kwa majani makavu au makuti yaliyochakaa, yasiguse shina. Mchicha uliokwisha ukate, mizizi ioze papo hapo. Bamia na nyanya ni kesi nyingine: mizizi ikiwa na vifundovifundo, hao ni minyoo fundo, ing'oe yote uichome.

"Majivu yanafaa kila bustani." Udongo wa matumbawe una chokaa tayari, na majivu yanaongezea palepale, mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma na majani machanga yanakuwa manjano, mishipa tu ikibaki kijani. Jirani yangu bado huniletea ndoo ya majivu kila Jumamosi. Nampokea, namshukuru, na majivu yanaishia kusugulia masufuria.