Je, wajua kwa nini mlango wa gari uliopuliziwa dawa ya kutu huanza kulia tena?

Bawaba za mlango zikianza kulia, wengi hukimbilia kopo la dawa ya kulegeza kutu, WD-40 au nyingine ya aina hiyo. Kelele hukatika papo hapo, kisha baada ya muda mfupi zinarudi. Dawa si mbovu, ila imepewa kazi isiyo yake.

WD-40 ilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 ili kufukuza maji na kuzuia kutu. Sehemu kubwa ya dawa za namna hii ni kiyeyushio chepesi kilichochanganywa na mafuta mepesi kidogo. Kiyeyushio huyapenyeza mafuta hadi mahali ambapo grisi haifiki, halafu hukauka. Kinachobaki ni utando mwembamba usiohimili uzito wa mlango, na grisi ya zamani nayo imeshayeyushwa ikachuruzika. Kiangazi cha Dodoma, mvua inapokatika tangu Mei hadi Novemba, vumbi la njia za Bahi na Chamwino hunata kwenye utando huo na kuwa msasa unaokula pini ya bawaba.

Kwa hiyo anza na dawa, malizia na grisi. Pulizia bawaba, subiri dakika 10 hadi 15, fungua na kufunga mlango mpaka uchafu mwekundu utoke. Sugua kwa mswaki mkuukuu, kisha futa mpaka pakauke. Paka grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha punje ya harage kwa kila bawaba, chezesha mlango tena, halafu futa inayobaki nje, maana hiyo ndiyo inayokamata vumbi.

Kwenye nati iliyoganda, hapo dawa iko nyumbani. Iache robo saa, au usiku kucha kama kutu imekomaa. Gonga nati kwa nyundo, kaza kidogo, ndipo ulegeze. Kulazimisha upande mmoja tu hukata boliti.

Breki ndiyo hatari kubwa. Usipulizie kamwe diski wala pedi. Pedi ikishanyonya mafuta haifai tena, badilisha za magurudumu yote mawili, kulia na kushoto. Pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, nazo zinataka grisi ya silikoni ya breki, kwa sababu mafuta ya jamii ya petroli huvimbisha raba zake, pini ikakwama, na pedi moja ikaisha kabla ya mwenzake.

Mkanda wa injini unaolia usiupulizie pia: utanyamaza kidogo, kisha utateleza na betri haitachajiwa vizuri. Kagua ukazo wake na puli zake.